Ardhi ya Kolwezi: nani ataisoma kutoka juu?



Anayetoka Lubumbashi kuja kwetu Kolwezi husafiri karibu kilomita 300. Anapita Likasi, anavuka mto Lualaba, kisha anaanza kuona vilima ambavyo havikuumbwa na Mungu. Ni udongo na mawe yaliyotolewa katika mashimo ya shaba na kobalti. Mji huu ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière kwa ajili ya shaba hiyo, na tangu 2015 ndio makao makuu ya jimbo la Lualaba.

Sisi tunaoishi hapa tunajua ardhi yetu haitulii. Tuangalie Kasulo. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba moja, na baada ya muda mfupi watu walikuwa wakichimba ndani ya viwanja vyao, hata chini ya vyumba vya kulala. Mwaka 2017 wakaaji wa sehemu moja ya mtaa huo walihamishwa, na ukuta ukajengwa kuzunguka machimbo. Kijana aliyezaliwa baadaye akiambiwa hapo palikuwa na barabara na miti ya maembe, ataamini vipi?

Kuna elimu inayoweza kumwonyesha. Inaitwa jeoinformatiki, na wengine huiita jeomatiki. Ni kazi ya kutumia kompyuta, ramani na picha za setilaiti ili kujua kitu gani kiko wapi na kimebadilika namna gani. Setilaiti za Landsat zinapiga picha za dunia tangu 1972, na tangu 2008 picha hizo hupatikana bila malipo. Zile za Sentinel-2, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, hupita juu yetu kila baada ya siku chache. Kila kipande kidogo cha picha zao kinafunika mita 10 kwa 10, karibu ukubwa wa kiwanja kidogo cha nyumba. Tena programu ya QGIS, inayochora ramani kutokana na picha hizo, ni ya bure.

Wageni wameshaanza kuzisoma. Mwaka 2020 watafiti wa Nottingham, Uingereza, walitoa kazi yao juu ya kutumia rada ya setilaiti kufuatilia namna ardhi inavyosogea kwenye machimbo madogo ya kobalti hapa Kongo. Kazi yao ni nzuri. Lakini picha huonyesha udongo mwekundu tu. Haisemi kwamba hapo palikuwa shamba la karanga la mjane fulani, wala kwamba kisima kile ndicho wanachochotea maji wanawake wa mitaa miwili. Ndiyo sababu mtafiti lazima ashuke chini, atembee na kuuliza. Binti aliyekulia Musonoi au Kasulo ataelewa majibu bila mkalimani.

Wenyeji nao wameonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2018 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake, alitangaza kwamba watu wa Kasulo, hasa watoto, walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko watu wa mtaa wa jirani usio na machimbo. Ule ulikuwa utafiti wa afya. Wa ramani ungeuliza: visima gani viko chini ya mteremko wa taka za madini? Msitu wa miombo umerudi nyuma kiasi gani, hata wamama wa makala na uyoga wanatembea mbali hivyo?

Swali moja kama hilo, likijibiwa vizuri kwa ushahidi, ndilo linalofanya udaktari wa chuo kikuu. Katika mpango mpya wa masomo, lisansi ni miaka 3, masta miaka 2, na udaktari miaka 3 au zaidi. Tunasikia wamama wakisema, "Binti atazeekea shuleni." Tuhesabu pamoja: akimaliza sekondari na miaka 18, akaendelea bila kusimama, anaweza kumaliza akiwa hajafika 30. Na akiolewa katikati ya njia, masomo hayafungwi kwa sababu hiyo, mradi nyumba zote mbili zikubaliane mapema.

Kazi yetu inaanza chini kabisa. Tusimwambie mtoto kwamba hesabu ni ya wavulana. Jiografia asiikariri tu: achore ramani ya mtaa wake, aonyeshe bomba la maji, shule na shimo. Karibu na Mtihani wa Serikali, mzigo wa soko na wa bukari tuugawe na kaka zake. Na vikundi vyetu vya kuweka akiba vinaweza kutenga sehemu ndogo kwa binti mmoja kila mwaka.

Siku moja ramani itawekwa mezani ili kuamua nyumba zipi zihame. Tunataka mmoja wa wanaoisoma awe mtoto wetu, anayeweza kusema, "Hapa kuna watu, nawajua."