Simu ya Dana

Simu ya Dana bado tunaichaji. Ni kabambe, betri imefura, na Dana mwenyewe tulimzika Desemba. Dana ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu. Lakini pesa za mdogo wangu zilikuwa zinaingia kwa laini hiyo, kwa hivyo kila asubuhi kabla ya kwenda Kibuye kuuza omena, mama anaiwasha na kuangalia.

Mdogo wangu ana miaka 19. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Hatembei, haongei, analishwa. Ukiweka benga kwa redio anacheka mpaka majirani wa Nyalenda wanajua ameamka.

Yuko kwenye Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa wazee, mayatima na watu wenye ulemavu mkali, wale wanaohitaji mtu kando yao saa zote. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na kwa miaka mingi zilikuwa zinalipwa za miezi miwili pamoja. Kiasi hicho hakijasonga kwa zaidi ya miaka kumi. Gawanya kwa siku 30: shilingi 66 na kitu. Pakiti moja ya pampasi za watu wazima inameza karibu nusu ya mwezi.

Nilikuwa nazidharau hizo pesa. Nikiwa chuo niliwahi kumwambia mama tuziache tu, foleni zenyewe zinachosha. Mama alinyamaza. Dana ndiye aliyejibu: "Nyathina, hiyo pesa haitoshi, lakini dukani inajulikana."

Sikuelewa mpaka zilipokatika. Duka la mtaani lilikuwa linatukopesha unga na sabuni kwa sababu mwenye duka alijua kuna siku Dana atalipa. Malipo yakichelewa, deni lilingoja. Benki ilipokuja, Dana alienda mjini na kitambulisho na kidole chake. Malipo yalipohamia M-Pesa, akaenda tena kusajili laini. Kila mabadiliko yalikuwa na miezi yake ya ukimya, na kila mara Dana ndiye aliyepanda tuktuk kuuliza.

Alipofariki, vitu viwili viliondoka pamoja. Kwanza mikono yake: yeye ndiye aliyemgeuza mdogo wangu usiku asipate vidonda, ndiyo maana mama aliweza kukaa sokoni na mimi kukaa darasani. Pili jina lake, maana ndiye aliyekuwa ameandikwa mtunzaji. Mdogo wangu yuko hai, ulemavu wake haujapungua, lakini malipo yamesimama mpaka mtunzaji mwingine asajiliwe. Tumepeleka cheti cha kifo, barua, nakala za vitambulisho. Tumeambiwa turudi Jumatatu. Jumatatu zimekuwa nyingi.

Watu huniuliza kwa nini niliacha chuo mwaka wa tatu. Huwa nasema karo, na si uongo. Ukweli mrefu zaidi ni kwamba mtu mmoja lazima abaki nyumbani, na gorogoro za omena za mama ndizo zinazotulisha. Nikabaki mimi.

Sasa naandikia wateja wa nje makala, nalipwa kwa neno, laptopu iko juu ya meza na mdogo wangu kando yangu. Juzi nilipewa kazi kuhusu Uingereza. Huko kuna posho ya mtunzaji mwenyewe, mbali na ya mgonjwa, ukimtunza mtu saa 35 kwa wiki. Nilicheka kwa sauti, mdogo wangu naye akacheka bila kujua ni nini. Saa 35! Dana akianza Jumatatu asubuhi, alikuwa anazimaliza Jumanne jioni.

Sisemi Kenya iwe Uingereza. Na Mei 2025 tulipata sheria mpya ya watu wenye ulemavu, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Ninachosema ni kwamba shilingi 2,000 zimewekwa kana kwamba kuna mtu nyumbani anayefanya kazi nyingine yote bure, na hachoki, wala hafi.

Jana fomu ilipokelewa tena. Pale penye "mtunzaji" nimeandika jina langu, na pale penye "kazi" karani akaniambia niandike "hana". Nimeandika. Jumatatu tunarudi, na simu ya Dana iko kwa chaji.