Lenana Ni Rahisi, Lakini Amri Iandikwe Kilindini

Blogu imekuwa kimya kwa siku kumi kwa sababu nilikuwa Mlima Kenya, ambako simu yangu ilifaa kwa picha tu. Leo hakuna msimbo wala hifadhidata. Nataka tuzungumze juu ya kilele cha Lenana, ambacho kila mtu huambiwa ni rahisi, na kwa nini mtu aliyezoea kutembea ndiye anayepaswa kukiogopa kidogo.

Kwanza takwimu. Mlima Kenya una vilele vitatu vinavyotajwa sana: Batian mita 5,199, Nelion mita 5,188 na Lenana mita 4,985. Viwili vya kwanza ni vya watu wa kukwea miamba kwa kamba. Lenana ni ya miguu. Ukiwa na viatu vizuri, nguo za baridi na kiongozi anayeijua njia, unafika bila kamba. Ndiyo maana huitwa kilele cha wanaoanza.

Mimi si mgeni wa vilima. Nimepanda Kasigau na Vuria kule Taita, na Longonot nimeacha kuhesabu. Mwenzangu, tunayefanya naye kazi ofisi moja karibu na bandari, ana pumzi kunishinda. Lakini sote wawili ni watu wa Kilindini, na jina lenyewe latokana na kilindi, yaani maji marefu. Hapa tuko usawa wa bahari. Ukipanda treni ya SGR leo, kesho unaweza kuwa lango la Sirimon, mita 2,650 hivi, na jioni ukalala kambi ya Old Moses, mita 3,300. Usiku unaofuata wengi hulala Shipton, mita 4,200, kisha saa nane za usiku huanza kupanda kilele.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonikosesha raha. Ushauri wa kitabibu unaofuatwa sana ni kwamba ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja. Old Moses hadi Shipton ni mita 900. Hewa ya juu ina oksijeni kwa kiwango kile kile, asilimia 21, lakini shinikizo lake hupungua, na pale Lenana kila pumzi inakupa zaidi kidogo tu ya nusu ya oksijeni unayoipata ukisimama kwenye kivuko cha Likoni. Maji ya Shipton huchemka kwenye nyuzi 86 hivi. Mbaazi zako ungezingoja mpaka adhuhuri.

Mwili huzoea, lakini kwa mwendo wake. Ni kama kazi ya kompyuta ambayo kila hatua inangoja jibu la hatua iliyotangulia: ongeza prosesa kumi, muda ni ule ule. Hapo ndipo mzoefu anapokuwa hatarini kuliko mgeni. Mgeni atachoka na kupumzika. Mzoefu ana miguu ya kumfikisha juu kabla mwili wake haujawa tayari.

Kwa hiyo tulipanga usiku wa ziada Old Moses, na tukachukua viongozi wawili badala ya mmoja, ili ikibidi tuweze kugawanyika. Kugawanyika mlimani si aibu. Januari 1943, Waitaliano watatu walitoroka kambi ya wafungwa wa vita Nanyuki wakaenda kuupanda mlima huu huu. Mmoja, Vincenzo Barsotti, alikuwa mgonjwa, akabaki kambini kwao. Felice Benuzzi na Giovanni Balletto waliijaribu Batian ikawashinda, wakafika Lenana wakasimika bendera yao, kisha wote watatu wakarudi kifungoni.

Jambo la mwisho tulilolifanya kabla ya kuondoka ni kuandika karatasi. Ilikuwa na mistari mitatu:

1. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, hakuna kupanda mpaka vipoe.
2. Mtu akiyumba, akichanganyikiwa, au akikosa pumzi hali ameketi, anashushwa mara moja, hata kama ni usiku.
3. Anayeumwa hapigi kura.

Tulitia sahihi hapa hapa Kilindini, kwa chai na mahamri.

Mstari wa tatu wenzangu wa fani hii watauelewa upesi. Huiulizi seva inayoumwa kama ni nzima. Mtambo wa kuikagua unauweka nje yake. Ubongo nao ni vivyo hivyo: oksijeni ikipungua, kile kinachokupa taarifa ndicho kilichoathirika.

Saa nane za usiku pale Shipton, mwenzangu aliamka kichwa kikimgonga, akatoka nje akatapika. Kiongozi alimtembeza kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole. Hakuyumba. Basi ulimhusu mstari wa kwanza, si wa pili.

Hapo akaanza hoja. Likizo hii ameiomba tangu mwaka jana. Amemwahidi bintiye picha ya kibao cha Lenana. Kichwa tu, mbona nyumbani humeza dawa akaenda kazini? Zimebaki mita 785. Hoja zilikuwa nzuri, na ziliniingia, maana mimi pia nilikuwa mita 4,200 na yeye ni rafiki yangu. Nikaitoa karatasi, nikaimulikia sahihi yake kwa tochi. Akaitazama kitambo, akasema, "Huyu aliyetia sahihi alikuwa ameshiba." Kisha akageukia ukutani.

Alibaki na kiongozi wa pili. Mimi na wa kwanza tukapanda kwenye changarawe, hatua moja pumzi mbili, na karibu na juu tukakanyaga vyuma vilivyopigiliwa mwambani. Jua lilichomoza tukiwa kileleni. Batian na Nelion walisimama mbele yetu, na barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote hapa, imebaki mabaki tu. Nilipiga picha mbili nikasema tushuke.

Shipton tulikuta kitanda kitupu. Wapagazi walituambia kwamba alfajiri mwenzangu alianza kuyumba, na kiongozi hakungoja mtu, akamshika mkono wakashuka. Mimi niliketi juu ya jiwe. Alfajiri, kama ile kura angeipiga yeye, tungekuwa gizani kwenye changarawe, juu kabisa, naye anayumba.

Mchana tulimkuta Old Moses anakunywa supu. Mita 900 chini, kichwa kilikuwa kimetulia. Aliomba aione picha ya kibao, akaitazama sana, akasema nimtumie bintiye, lakini nimwambie ni yangu.

Wengi mtaenda, na nawatakia heri. Lenana ni rahisi kweli. Ongezeni usiku mmoja, ongezeni kiongozi mmoja, na amri ya kushuka iandikeni mkiwa bado chini mna akili zote. Ile mistari mitatu ichukueni, mwibadilishe mtakavyo. Haina leseni.