Kuishi milele si lelemama

Hebu nikuulize swali, msomaji. Lau leo jioni, ukiwa umeketi na jamaa yako mkisubiri chakula kiive, angebisha hodi mgeni na kukuambia kwamba amekuletea zawadi ya kutokufa, ungeipokea? Usiwe na haraka ya kujibu. Uliza kwanza kama zawadi hiyo ni yako peke yako au ni ya nyumba nzima.

Swali hili si geni kwetu. Wengi wetu tulisimuliwa utotoni jinsi Mungu alivyomtuma kinyonga awaambie binadamu kwamba hawatakufa. Kinyonga, kama ujuavyo mwendo wake, alijikokota njiani, akafika na kuanza kugugumiza, na kabla hajamaliza akatokea mjumbe mwingine mwenye mbio na habari za kifo. Makabila kadhaa ya Kibantu yana hadithi hiyo, kila moja na mjumbe wake wa pili. Hapa ni mjusi, pale ni ndege. Huko pwani nako yupo Fumo Liyongo, shujaa ambaye silaha hazikumweza mpaka mwanawe mwenyewe alipomchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Tangu jadi, basi, tumekuwa tukijiuliza: je, kinyonga angewahi, tungekuwaje?

Nimekutana na riwaya inayojibu swali hilo, na imenitoa jasho. Inaitwa Wild Seed, yaani mbegu ya mwituni. Iliandikwa na Octavia Butler, Mmarekani mweusi, na kuchapishwa mwaka 1980. Niliipata kwa mchuuzi anayetandika vitabu vikuukuu kando ya njia katikati ya jiji la Nairobi. Jalada lilikuwa limechakaa, lakini kurasa zote zilikuwamo.

Huenda ukisikia hadithi za kubuni za kisayansi unafikiria roketi, mashine zinazosema na viumbe wenye macho matatu. Humu hamna hata kimoja. Hadithi inaanza mwaka 1690 huko Afrika Magharibi, katika nchi ya Waigbo, wakati wa biashara ya watumwa. Mtu mmoja anayeitwa Doro amekwenda kutazama kijiji chake kilichovamiwa na wateka watumwa. Akiwa njiani anahisi kwamba kuna mtu wa ajabu mahali fulani, anamfuata, na anamkuta bikizee akilima shamba lake.

Bikizee huyo ni Anyanwu. Ana miaka mia tatu hivi. Uzee wake ni vazi tu; akitaka huwa msichana, akitaka huwa chui au tai. Huu si uchawi wa hadithi za moto wa jikoni. Butler anatueleza kwamba mwanamke huyu anaujua mwili wake mpaka vijisehemu vidogo kabisa. Akipata jeraha analiziba kutoka ndani. Akila sumu anaichunguza mwilini mwake na kutengeneza dawa yake. Akionja nyama ya mnyama anausoma mwili wa mnyama huyo kama wewe unavyosoma gazeti hili, kisha anaweza kuugeuza wake uwe vivyo hivyo. Hapo ndipo penye sayansi.

Naye Doro ana zaidi ya miaka elfu tatu. Alizaliwa Nubia, zama za Misri ya kale. Yeye hana mwili wake mwenyewe. Mwili wake wa kwanza ulikufa akiwa mvulana wa miaka kumi na mitatu. Tangu hapo roho yake huhama kutoka mtu hadi mtu, na kila anayeingiwa hufa. Wa kwanza kufa hivyo walikuwa wazazi wake. Ukimpiga mkuki, utaua mwili aliouvaa, kisha atakuvaa wewe.

Sitakudanganya, msomaji. Kitabu hiki si cha kusoma huku unatazama televisheni. Leo Doro ni kijana mweusi, kesho ni mzungu, na mwandishi hakushiki mkono kukukumbusha. Sehemu ya kwanza iko mwaka 1690, ya pili inaruka hadi 1741, na ya tatu hadi 1840. Watu uliowazoea unawakuta wamekwisha kuzeeka au wamekufa. Nilichukua daftari nikaandika majina: nani kazaa nani, nani kauawa na nani. Kurasa thelathini za mwanzo nilizisoma mara mbili. Baada ya hapo kitabu kilifunguka kama mlango uliopakwa mafuta, nikawa nakisoma kwenye matatu, nakisoma jikoni, nakisoma mpaka usiku wa manane.

Hata hivyo, ugumu wenyewe hasa si wa lugha wala wa miaka. Ugumu ni kwamba Doro hachukiki kirahisi. Anawakusanya watu ambao kwao wanaitwa wachawi au vichaa, wanaosikia mawazo ya wenzao au kusogeza vitu bila kuvigusa, na kuwapa kijiji ambapo hawatachomwa moto. Wanampenda kama baba. Lakini kwa nini anawakusanya? Ili awazalishe. Yeye ndiye anayeamua nani alale na nani, kama mfugaji anayetafuta ng'ombe wa gredi, na asiyefaa humvaa au humtupa. Nilijikuta nikimwonea huruma ukurasa mmoja na kutaka kumkaba koo ukurasa unaofuata.

Je, alimpataje mwanamke mwenye nguvu kama Anyanwu amfuate mpaka Marekani? Alimtishia kuhusu watoto wake, ndiyo. Lakini pia alimwahidi jambo moja: kwamba atampa watoto ambao hatalazimika kuwazika. Miaka mia tatu mama huyo alikuwa amezaa, akalea, akazika, akazaa tena. Ahadi hiyo ndiyo iliyompandisha merikebu.

Hapo kwenye neno kuzika ndipo kitabu kilipoacha kuwa cha watu wa mbali. Nyanya yangu mzaa mama amepita miaka tisini. Alizaa watoto wanane, na watano kati yao amewazika. Siku moja nilipokwenda kumwamkua kijijini, tulikaa uani tukichambua maharagwe, nikamsimulia hadithi hii kwa lugha ya nyumbani tangu mwanzo. Alisikiliza kimya. Nilipofika kwa Doro aliniambia, "Huyo si mtu asiyekufa. Huyo ni kifo chenyewe kimepewa miguu." Kisha akauliza kuhusu Anyanwu, "Na wenzake wa rika lake, alibaki na nani?"

Nikamwambia hakubaki na yeyote. Nyanya akatikisa kichwa akasema, "Watu huja hapa wakaniombea miaka mingi. Hakuna anayeniombea mtu wa kuzeeka naye."

Nilirudi mjini na maneno hayo. Nilipofungua kitabu tena nikaelewa kwa nini Doro, ambaye angeweza kumwua mwanamke huyu mkaidi wakati wowote, anaendelea kumwacha hai hata anapomkasirisha. Ni kwa sababu watu wengine wote ni wa kupita. Amewapenda baadhi yao na amewaona wote wakienda. Anyanwu ndiye mtu pekee duniani anayeweza kumwambia mwaka 1840, "Unakumbuka yale ya 1690?" Bila yeye, ukongwe wake wote hauna shahidi.

Tofauti ya hawa wawili basi ni ipi? Ni jinsi walivyoutumia wakati. Doro kadiri anavyoishi ndivyo watu wanavyozidi kuwa mifugo machoni pake. Anyanwu kadiri anavyoishi ndivyo anavyozidi kukusanya jamaa: watoto, wajukuu, wagonjwa, yatima, waliotoroka. Anajua kabisa kwamba atawazika, na bado anawapikia. Mapambano yao ndiyo riwaya yenyewe. Mwishoni Anyanwu anagundua silaha moja tu ambayo Doro hana kinga nayo. Sitaitaja, nisije nikakumalizia utamu.

Sisi tusio na miaka mia tatu tuna wazee wetu. Rika lao hatuwezi kuwarudishia. Ila tunaweza kuketi nao, na badala ya kuuliza tu kuhusu dawa na shinikizo la damu, tukawauliza majina ya wenzao waliokwenda. Mimi sasa ninayo orodha ya marafiki wa nyanya wa usichanani, na kila nikimtajia mmoja yeye hucheka na kunieleza kisa kipya.

Wewe mwanafunzi unayechoka na vitabu vya mtihani, mjue pia mwandishi mwenyewe. Octavia Butler alizaliwa mwaka 1947 mjini Pasadena, California. Baba yake alikuwa mpiga viatu rangi, akafariki binti akiwa mdogo. Mama yake alikuwa mtumishi wa nyumbani. Alikuwa na taabu ya kusoma kwa sababu herufi zilimchanganya, na alikuwa na haya nyingi. Bado akaandika. Mwaka 1995 akawa mwandishi wa kwanza wa hadithi za kisayansi kupata tuzo kubwa ya MacArthur. Alifariki mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 58. Maisha yake hayakuwa marefu, lakini vitabu vyake vinazidi kuchapishwa.

Ukikipata kitabu hiki, usikate tamaa kwenye kurasa za mwanzo. Chukua kalamu, andika majina, rudia palipokushinda. Wazazi, kina mauaji na mambo ya kitandani, kwa hiyo kiwe cha wale waliokwisha kukomaa kidato cha juu. Ukimaliza, mpe mwingine hapo nyumbani akisome, kisha muulizane: kati ya Doro na Anyanwu, ni nani hasa aliyeishi? Kwetu sisi ubishi huo bado haujaisha.