Kwetu Msasani

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba kwenu ni Msasani, hakuelewi. Atacheka kidogo, kisha atakuuliza tena polepole, kama vile hukusikia vizuri: "Sawa, unakaa Msasani. Lakini kwenu hasa ni wapi?" Anataka umtajie mahali penye migomba, au mahindi, au ng'ombe. Mahali pa kwenda na basi mwisho wa mwaka. Mjini ni pa kukaa, kwenu ni bara. Ndivyo tulivyolelewa wengi wetu na, ndugu msomaji, ndivyo tunavyoandika pia. Kijana wa hadithi zetu anashuka stendi na kifurushi chake, mji unamtafuna, mwisho anarudi kijijini akiwa amepata akili. Sasa mimi mji ukinitafuna nirudi wapi? Nimezaliwa hapahapa.

Tena Msasani haikuufuata mji, mji ndio ulioifuata. Kilikuwa kijiji cha wavuvi. Sultani Majid wa Unguja alianza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860, kusini ya hapa, kule bandarini. Wajerumani wakaifanya makao makuu yao mwaka 1891. Waingereza nao wakaja wakagawa makazi kwa rangi: Oyster Bay Wazungu, Upanga Wahindi, Kariakoo, Ilala na Magomeni Waafrika. Msasani ikajikuta jirani wa Uzunguni, na ngalawa zake na nyavu zake. Hata leo ukitoka pwani kwenye mnada wa samaki, ndoo mkononi, hutembei sana kabla hujakutana na ukuta mrefu wenye nyaya za umeme juu na mlinzi getini. Upande huu kibua anakaangwa barabarani, upande ule hujui wanapika nini, maana hata harufu haitoki.

Nyumba yetu alijenga babu mzaa mama, Mzaramo, mvuvi. Ni nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, vitatu huku vitatu huku, korido katikati, baraza mbele, jiko na choo uani. Viwili tulikaa sisi, vinne wapangaji. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na Mmakonde mchongaji aliyekuwa akienda Mwenge kila asubuhi na vinyago vyake kwenye kiroba. Kulikuwa na Mpemba muuza pweza, kijana wa Kichaga mwenye genge, na mama mmoja wa Kihaya na wanawe watatu. Kila mmoja na jiko lake la mkaa, wote uani.

Msidhani tulipendana kama watu wa kwenye mabango. Tuligombania zamu ya kufagia choo. Tuligombana kuhusu Luku, nani ana friji na nani ana taa moja tu. Yule mama wa Kihaya alipoletewa senene, bibi yangu alishika pua: "Panzi hao! Mnakula panzi!" Kesho yake bibi akaanika papa, mama wa Kihaya akahamisha kigoda chake hadi barazani. Lakini mtoto wa mama huyo alipodondoka degedege usiku, ni bibi aliyembeba, na ni Mpemba aliyekimbia kutafuta teksi. Asubuhi wakarudi kwenye ugomvi wa papa na senene kama hakijatokea kitu.

Dingi alikuja na treni kutoka Tabora. Mnyamwezi wa Urambo. Alipata kibarua cha kumwagilia bustani Masaki, na 1983, mwaka wa Nguvukazi, kibarua hicho kilimwokoa. Wasio na kazi walikuwa wanakamatwa mitaani na kurudishwa vijijini. Swali la "kwenu wapi?" wakati ule halikuwa la kupigia stori, bwana. Ukilijibu vibaya unapandishwa gari. Dingi alitembea na karatasi ya mwajiri wake kwenye mfuko wa shati mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Ilikunjuliwa mara ya mwisho siku tulipofungua sanduku lake.

Huyo ndiye aliyemwoa mama. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani toka enzi za misafara, Wanyamwezi waliposhuka pwani na mizigo mabegani. Kwa hiyo nyumbani kwetu utani haukuisha. Bibi alimwita mkwewe mpagazi. Yeye akiona samaki mezani siku ya nne mfululizo anauliza kama Wazaramo walikatazwa kuku na daktari.

Alifariki 2016, ghafla, Ijumaa alfajiri. Ndugu zake Urambo wakapiga simu: mwili usubiri, mtu hazikwi ugenini. Mama alikaa chini ukumbini na simu mkononi, hajui la kujibu. Dini inataka haraka, ukoo unataka kwao. Sisi watoto tulikuwa kimya. Wakati huohuo watani walishaingia uani. Shangazi mmoja wa Kizaramo alikuwa amevaa gambuti za marehemu na kofia yake ya pama, ameshika mpira wa maji usio na maji, anamwagilia waombolezaji mmoja mmoja huku akiinama kama dingi alivyoinama, na kiuno chake kibovu. Watu wanalia, watu wanacheka. Mama naye akacheka, machozi yanatiririka. Halafu akaipokea ile simu akasema, "Shemeji, huku si ugenini. Watani wake wako hapa." Akakata.

Tukazika alasiri. Kaburini watani wakagoma kutoka shimoni mpaka walipwe. Aliyetoa noti ya kwanza ni yule Mchaga wa genge, ambaye kwa mila hahusiki kabisa.

Baba mdogo alifika Jumapili kwa basi, amenuna. Akakaa barazani siku tatu. Watu wakamjia na pole: Mpemba na pweza wake, mke wa Mmakonde na mihogo. Siku ya kuondoka akachukua ile karatasi ya mwajiri, akaomba akae nayo. Hakuzungumzia tena habari ya mwili.

Mwaka 2019 alikuja dalali. Kijana mpole, kiatu safi. Alisema kiwanja chetu kina thamani kwa sababu ya mandhari ya bahari. Bibi, kipofu wakati huo, akamuuliza mandhari inakaangwa na nini. Dalali akamgeukia mama: "Mama, kwa hela hii utajenga jumba huko kwenu." "Kwetu wapi?" "Si Tabora?" "Tabora kwao marehemu." "Basi hata Chanika." Ni kweli Wazaramo wengi wameishia Chanika na kwingineko mbali na maji, nyumba baada ya nyumba, kila mmoja akilipwa vizuri.

Na isiwe dalali peke yake ni mbaya. Mama mkubwa anaumwa figo na anataka fungu lake. Ni haki yake, ni mtoto wa yule mvuvi kama mama. Kwa sasa kodi ya vyumba viwili inakwenda kwake kila mwezi, na mama hajasaini. Nyumba ya kulia imeshauzwa, ya kushoto imeshauzwa. Kuta zinapanda.

Wewe unayeandika, nakuomba uache kidogo yule kijana wa kifurushi, tumeshamsoma. Keti barazani kwenu, Buguruni au Tandika au popote, uandike nani anakaa chumba gani na anapika nini. Mimi nimeanza na daftari la kodi la bibi: majina ya wapangaji wote, mwezi kwa mwezi, mengine yamekatwa kwa kalamu nyekundu, mengine yana deni hadi leo. Juu ya ukurasa wa kwanza ameandika neno moja tu, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kisomo cha watu wazima: "Watu."