Daftari Lililokosa Msomaji

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo imekuwa ngao ya wafanyabiashara tangu zamani, na ukweli wake haujachakaa. Lakini wahenga hawakuishi hata wakaona daftari lisilofunguka kwa kidole. Daftari la karatasi huhitaji macho na nuru tu; aliyejua kusoma jana hulisoma leo. Daftari la kompyuta huhitaji kitu cha tatu, nacho ni programu iliyoliandika. Programu ikipotea, daftari hubaki zima mkononi mwa mrithi, na mrithi hubaki kipofu mbele yake. Kisa cha mwanamke mmoja wa Uingereza chaonyesha jinsi upofu huo uwezavyo kugusa hata heshima ya marehemu.

Baba wa mwanamke huyo alikuwa seremala mwenye karakana ndogo na wafanyakazi watatu. Mwaka 1985 alinunua kompyuta ya nyumbani iitwayo Sinclair QL. Mashine hiyo ilikuwa imetangazwa na Sir Clive Sinclair tarehe 12 Januari 1984, siku 12 kabla ya Macintosh ya Apple, kwa bei ya pauni 399. Ilikuwa nyeusi na nyembamba, na kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 128, kiasi kisichotosha leo kuhifadhi picha moja ya kawaida ya simu. Mnunuzi alipewa pamoja nayo programu nne za kazi za ofisi zilizotungwa na kampuni ya Psion: Quill ya kuandikia, Abacus ya kufanyia hesabu, Archive ya kutunzia kumbukumbu, na Easel ya kuchorea grafu. Kusudi lilikuwa kumpa mtu wa kawaida ofisi nzima juu ya meza ya nyumbani kwake.

Seremala hakuwa na barua nyingi za kuandika wala grafu za kuchora. Alichokipenda kilikuwa Abacus. Programu hiyo ilimpa jedwali pana la safu 64 na mistari 255, na kila mahali ambapo safu na mstari vilikutana palikuwa na chumba kidogo. Ndani ya chumba mtu aliweza kutia neno, au tarakimu, au kanuni ya kuzaa tarakimu kutokana na vyumba vingine. Tarakimu moja ikibadilika, zote zilizoitegemea zilibadilika pamoja nayo. Lakini jedwali lilipochapwa karatasini kwa kawaida, majibu yalitoka na kanuni zilibaki ndani. Karatasi ilisema nini. Haikusema kwa nini.

Karakana ilifungwa mwaka 1988 kwa sababu ya madeni. Katika karatasi zilizosalia palikuwa na mstari mmoja ulioandikwa "Mwenyewe", na kwa miezi minane mfululizo mstari huo ulikuwa na sifuri. Wafanyakazi walionekana wamelipwa, wauza mbao wamelipwa, mwenyewe hakupata kitu. Mtoto wa kwanza wa seremala, mwanamume mwenye ujuzi wa biashara, alizisoma karatasi hizo akatoa hukumu. Hakuna mtu, alisema, aishiye miezi minane kwa sifuri. Kwa hiyo baba alikuwa akichota fedha bila kuziandika, na uchotaji huo ndio ulioiua karakana. Mama yao hakujibu. Baba alikufa miaka michache baadaye, na hakuna aliyemwuliza. Hukumu ikakaa ndani ya nyumba kama kiti kibovu ambacho kila mtu hukiepuka na hakuna akiondoaye.

Miaka mingi ilipita. Mama naye alipofariki, binti alipanda darini kuondoa vitu vya nyumba, akaikuta QL ndani ya sanduku lake pamoja na vikasha vidogo vya utepe. Vikasha hivyo ndivyo vilivyokuwa hifadhi ya mashine ile. Kila kimoja kilibeba utepe wa sumaku wenye urefu wa karibu mita 5 na upana usiofika milimita 2, ulioungwa ncha kwa ncha ili uzunguke bila mwisho. Nacho kiliweza kuhifadhi kilobaiti 100 hivi. Kimoja kilikuwa na jina la Abacus. Kingine kilikuwa na mwandiko wa baba: "Hesabu za karakana." Binti akafahamu kuwa kanuni zilizobaki nje ya karatasi zimo humo, na kuwa mstari wa "Mwenyewe" huenda una neno la kusema.

Haraka haraka haina baraka. Binti alikiunganisha chombo na umeme jioni ile ile, akatia kikasha cha Abacus katika tundu la kushoto kama kitabu cha maelekezo kilivyoagiza. Hakujua kuwa mpira wa kigurudumu kinachosukuma utepe hulainika kwa uzee ukawa kama ulimbo. Kigurudumu kiliunasa utepe, kikauvuta nje ya njia yake, kikausokota. Alipokitoa kikasha, utepe ulining'inia kama uzi wa pazia. Programu ya baba iliharibika kwa mkono wa mtu aliyekusudia kuiokoa. Nafuu moja tu ilibaki: kikasha cha hesabu kilikuwa bado mezani, hakijaguswa.

Tangu siku hiyo ilianza safari ya kutafuta Abacus nyingine. Mtafutaji alidhani itakuwa safari fupi, kwa kuwa kila QL iliuzwa na Abacus yake. Lakini Amstrad ilikuwa imenunua haki za kompyuta za Sinclair mwezi wa Aprili 1986 kwa pauni milioni 5, na QL haikuendelezwa. Chombo kilipokufa sokoni, wengi walitupa vikasha, au walivifuta wakavitumia kwa mambo mengine. Alinunua kikasha cha kwanza kwa mwuza vitu vya kale. Kibandiko kilisema Abacus. Fundi aliyeombwa kukisoma alikuta ndani yake mchezo wa watoto. Hapo binti alijifunza kuwa jina la nje si shahada ya kilichomo.

Mara ya pili alipewa faili na mtu mwenye hisani, iliyonakiliwa zamani kutoka katika QL kwenda katika kompyuta ya namna nyingine. Urefu wake ulikuwa kamili, na hakuna hata baiti moja iliyopungua katika mwili wake. Alipoitia katika programu ya kisasa inayoiga mwenendo wa QL, ilikataa kwenda. Sababu yake inastahili kufikiriwa. Katika QL kila faili ilikuwa na maelezo yake pembeni, yakieleza kama ni programu au la, na ikiwa ni programu, inahitaji nafasi kiasi gani ya kufanyia kazi. Kompyuta nyingine hazikuwa na mahali pa kuyaweka maelezo hayo, na aliyenakili bila kujua aliyaacha nyuma. Programu ilifika ikiwa na mwili wote, ila haikuwa na cheti cha kuitambulisha. Vingi hupotea namna hii duniani: si kwa moto wala kwa wizi, bali kwa kuhamishwa na mtu asiyejua kipi ni sehemu ya kitu na kipi ni pambo lake.

Mara ya tatu alielekezwa kwa mzee mmoja aliyekuwa mwanachama wa Quanta, chama cha watumiaji wa QL kilichoanzishwa mwaka 1984. Wanachama wa chama hicho waliendelea kuitumia mashine na kupeana ujuzi baada ya wafanyabiashara kuipa kisogo. Mzee alikuwa na Abacus iliyofungwa katika furushi ndani ya QL yenyewe kabla haijasafirishwa, na kwa hiyo maelezo yake yalisafiri pamoja nayo. Alimpa bila kudai malipo. Kisha alimwomba kile kikasha cha hesabu, na binti alipokitoa mkobani mkono wake ulitetemeka.

"Usiogope," mzee alisema, "lakini usinihimize. Kitu chenye nakala moja ni kitu kilichokwisha kupotea. Siku yake tu ndiyo haijafika. Leo tutaitafutia hesabu hii nakala ya pili kabla ya kuitazama."

Alikifungua kikasha kwa kisu chembamba. Ndani yake mna kipande kidogo kinachoubana utepe uguse kichwa cha kusomea, nacho kilikuwa kimeoza na kuanguka. Mzee alibandika kipya. Mashine yake ilikuwa imekwisha kutiwa kigurudumu kizuri. Utepe ulianza kuzunguka, kila mzunguko ukichukua sekunde saba au nane, na mlio wake ulikuwa kama wa mdudu aliyefungiwa katika kopo. Sehemu nyingi zilisomeka mara moja. Chache zilikataa, zikarudiwa, zikakataa tena, na mwisho zikakubali. Mzee alihifadhi nakala tatu mahali patatu. Ndipo alipoifungua Abacus na kuliita jedwali.

Karatasi ya baba ilitokea katika kioo. Binti alipeleka alama hadi mstari wa "Mwenyewe", mwezi wa kwanza wa zile sifuri. Chumbani hamkuwa na sifuri iliyoandikwa kwa mkono. Mlikuwa na kanuni. Iliamuru kwamba mauzo yakitolewa bei ya mbao, kodi ya jengo, umeme na mishahara ya watu watatu, na kitu kikabaki, mwenyewe apate kilichobaki. Kisipobaki, apate sifuri. Mishahara ya watu watatu haikuwa na kanuni. Ilikuwa tarakimu tupu, ile ile kila mwezi. Binti alirudi nyuma mwezi hadi mwezi, mpaka Januari 1986, wakati karakana ilipokuwa na kazi nyingi na mwenyewe akapata fungu jema. Kanuni ilikuwa ile ile. Seremala hakuitunga siku ya dhiki ili afiche jambo. Aliitunga siku ya neema, akajifunga nayo.

Kanuni si kiapo. Haiwezi kuthibitisha kuwa mkono wa mtu haukuingia kamwe katika sanduku la fedha, na binti hakuipa kazi isiyo yake. Lakini ilionyesha jambo ambalo karatasi haikuweza kulionyesha: sifuri ile haikuwa pengo la mwandishi mvivu wala pazia la mwizi. Ilikuwa jibu la swali, na swali lilikuwa ni nani alipwe kwanza.

Alimwita kaka yake. Kaka alikuja akiwa na karatasi za zamani mkononi, akaketi mbele ya kioo, akasoma kanuni kimya kama mtu aijuaye lugha hiyo. Kisha alifanya jambo ambalo karatasi haimruhusu msomaji wake kulifanya. Aliongeza mauzo ya mwezi mmoja wa sifuri, kama kwamba mteja mmoja zaidi alikuja na kuagiza meza. Mishahara haikusogea. Sifuri ya "Mwenyewe" iligeuka ikawa tarakimu. Akapunguza tena, ikarudi sifuri. Alifanya hivyo mara tatu.

"Kumbe aliishi kwa nini miezi yote hiyo?" aliuliza.

"Mama alikuwa akishona nguo za watu, kaka," dada yake alijibu. "Wewe ulikuwa umekwisha kuondoka nyumbani."

Kaka hakusema zaidi. Alirudisha tarakimu ya zamani mahali pake, akahakikisha kuwa haikupungua wala kuzidi, kisha akaomba apewe nakala moja ya jedwali na moja ya programu.

Ombi hilo lilikuwa la busara. Aliyehifadhi hesabu peke yake amehifadhi kufuli bila ufunguo, na aliyehifadhi programu peke yake ana ufunguo usio na mlango. Mali bila daftari hupotea bila habari; naam, na daftari bila msomaji wake hupotea mchana kweupe, likiwa rafuni. Atakaye kuwaachia watoto wake maneno na awaachie pia njia ya kuyasoma, tena mikononi mwa zaidi ya mtu mmoja.