Chumba cha Pembeni

Katika usharika wetu hapa Dodoma tulibishana karibu mwaka mzima juu ya chumba kimoja kidogo. Familia iliyotoa mchango mkubwa wa mabati iliomba chumba kilicho pembeni mwa madhabahu kiitwe kwa jina la marehemu baba yao, nao wawe wanakaa humo Jumapili. Sisi, mchungaji na wazee wa kanisa, tulikuwa tumeshawaitikia. Paa lilikuwa halijaisha.

Jambo hili si geni. Makanisa mengi ya Ulaya ya zama za kati yalikuwa na apsi, yaani ukuta uliopinda nusu duara nyuma ya madhabahu, upande wa mashariki. Baadaye viliongezwa vikanisa vidogo pembeni. Vingi vilijengwa kwa fedha za matajiri, ili mapadre wasome humo misa kwa ajili ya wafu wao. Martin Luther alizipinga misa hizo za kulipiwa, kwa kuwa neema hainunuliwi. Nasi, watoto wa Matengenezo, tulikuwa tukiirudisha biashara ile kwa mlango wa uani.

Wakati huo tulisafiri kwenda Unguja kwa semina, tukaingia Kanisa Kuu la Anglikana, Mkunazini. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, alifariki mwaka 1882 akazikwa nyuma ya madhabahu. Lakini kilichotusimamisha ni duara la marumaru nyeupe sakafuni, mbele ya madhabahu. Inasimuliwa kwamba hapo ndipo watumwa walipofungwa na kuchapwa.

Misafara ya watumwa ilipita Ugogo kuelekea pwani. Huenda waliokunywa maji ya visima vya babu zetu walifikishwa pale. Majina yao hatuyajui, lakini mahali pa maumivu yao ndipo palipowekwa meza ya Bwana.

Tuliporudi tuliiendea familia ile nyumbani, tukaomba radhi kwa kuahidi kisichokuwa chetu. Baadhi yao hawajarudi ibadani, na tunaendelea kuwatembelea. Chumba hakina jina. Kina benchi moja, na mlango wake haufungwi. Kila Jumapili, kabla ya ibada ya kwanza, mama mmoja anayeuguza mwanawe huingia humo, akalia mbele za Mungu bila kuulizwa ametoa nini.