Kompyuta moja, mifumo miwili (sehemu ya 3): saa

Wapendwa, mlioweka Ubuntu pembeni ya Windows, angalieni saa. Ukitoka Ubuntu ukaingia Windows, inaweza kurudi nyuma masaa 3. Kompyuta haijaharibika. Ubuntu huweka saa ya ndani ya mashine kwa UTC, Windows inaisoma kama saa ya hapa kwetu.

Sasa wewe unayejaza muda wa dawa humo: paracetamol ya mtoto uliyompa saa 12 jioni itasomeka saa 9 alasiri, na wa zamu ya usiku atampa nyingine saa 3 badala ya saa 6. Hiyo siyo ya kuchekea jamani!

Ukiwa Ubuntu, saa ikiwa sahihi, fungua Terminali uandike:

timedatectl set-local-rtc 1

Itakuonya kuhusu kubadilisha saa kwa misimu. Huku hatuna hayo, endelea tu. Mkikwama niandikieni, niko naiti mpaka Ijumaa.